Jibu kwa binti wa Mwanza: Je, familia yangu ya Ufini hainitaki?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Kiislamu wa miaka 17 kutoka Mwanza. Nimekuja Ufini tangu Agosti kusoma mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Naishi na familia katika mji mdogo karibu na Tampere: baba, mama na mabinti wawili, na bibi yao anakaa jirani. Sijanyanyaswa, lakini naona kama hawanitaki. Mezani hawaongei. Hakuna anayenikaribisha chakula. Siku ya kwanza mama alisema friji ni yangu pia, basi. Baadaye wakanitengea rafu yangu peke yangu, wamebandika karatasi iliyoandikwa "ei sikaa", kama vile nina ugonjwa wa kuambukiza. Kila Jumamosi wanaingia sauna, chumba cha mvuke wa moto, wakiwa uchi; mimi nasema kichwa kinauma. Mwezi uliopita nilichelewa mahali mama alipokuja kunichukua, akaendesha gari njia nzima bila neno. Sasa giza limeingia. Nikitoka shule nafunga mlango, nalala au naongea na nyumbani kwa simu. Je, niombe kubadilishiwa familia?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa upweke. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, nikatamani nitoke usiku uleule nije nikuchukue, maana kutoka kwangu hadi huko si mbali. Mara mbili zilizofuata niliisoma kama mtu aliyekaa Ufini tangu mwaka 1996, na ambaye kwa miaka 14 amekuwa akiwasimamia kwa kujitolea wanafunzi kama wewe. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo wewe mwenyewe umeyaandika lakini hukuyaona.

Usiombe kuhama bado. Zungumza nao kwanza, na mazungumzo hayo yaanzie kwenye sauna. Nitakueleza kwa nini.

Kabla ya hapo tuitazame hiyo rafu, maana naona ndiyo iliyokuchoma zaidi. Ei sikaa maana yake ni "hakuna nguruwe". Nguruwe ni sika. Kifini hubadilisha mwisho wa neno kufuatana na kazi yake katika sentensi, ndiyo maana hukulitambua. Mwanangu, mama huyo hakukutenga. Amekutengea. Katika nyumba ya Kifini friji hulala na soseji, nyama ya paja la nguruwe ya kuweka kwenye mkate, na pengine mustamakkara, ile soseji nyeusi ya damu ambayo watu wa Tampere wanajivunia na kuila sokoni Tammelantori kwa jamu ya puolukka, tunda dogo jekundu lenye uchachu. Katikati ya vyote hivyo, mtu ametoa vitu vyake kwenye rafu nzima, akaifuta, akaandika kwa mkono wake ili baba na watoto wasije wakasahau na kukuchanganyia. Nakuona ukiitazama ile karatasi kila asubuhi na kuinama kwa aibu, wakati imeandikwa kwa ajili ya kuwaonya wao.

Kwetu chakula cha pembeni ni ujumbe mzito, najua. Mtu akipewa sahani yake peke yake na kikombe chake peke yake, kijiji kizima kinaelewa. Wewe umekuja na macho ya nyumbani na hayo macho hayana kosa. Lakini huko uliko yanasoma maandishi ya lugha nyingine.

Na hii ndiyo shida yenu yote, kama ninavyoiona. Kuna heshima mbili zimekaa ndani ya nyumba moja, kila moja inaingoja nyingine. Wewe umelelewa kwamba mgeni hajipakulii. Anangoja kuambiwa karibu, anakataa kidogo, anaambiwa tena karibu bwana, bado hujala, ndipo anaongeza. Wao wamelelewa kwamba mgeni asisumbuliwe. Ukimshurutisha kula umemkosea adabu, ukimwuliza maswali mengi umemchokonoa, ukimgongea mlango aliofunga umemwingilia. Kwa hiyo wewe unakaa chumbani ukingoja waje kukuita, nao wanakaa sebuleni wakisema, masikini, binti amechoka, tumwache apumzike. Mlango uliofungwa kwa Mfini ni sentensi kamili: nataka kuwa peke yangu. Nao wameiheshimu sentensi yako kwa miezi mitatu.

Basi acha mlango wazi kiasi cha kiganja. Simu ya nyumbani iwe na siku zake, si kila usiku. Ukae mezani na vitabu vyako jikoni hata kama hakuna anayeongea.

Kimya nacho nikizungumzie, maana wengi huvunjika moyo hapo. Kwetu salamu ni kamba ndefu: habari za asubuhi, za nyumbani, za masomo, mama hajambo, na majibu yote ni nzuri hata kama mtu ana homa. Mfini akisema moi, salamu imekwisha. Ukimwuliza mitä kuuluu, yaani habari gani, anachukulia kwamba kweli unataka kujua, atatulia akufikirie jibu. Mezani wakila kimya hawajanuna. Chakula ni kizuri na hakuna jambo. Utasikia pia kitu kitakachokushtua: mtu, hasa mwanamke, anasema joo, yaani ndiyo, huku akivuta pumzi ndani, kama aliyeshtushwa na habari mbaya. Hajashtuka. Anakuambia nakusikiliza, endelea. Ukimaliza kula sema kiitos ruoasta, asante kwa chakula. Ni maneno mawili tu, lakini aliyepika huyasikia hata akiwa ameinamia sinki.

Na ukiulizwa kama utaongeza chai, jibu unavyotaka kweli. Wanauliza mara moja. Ukisema hapana, birika linarudi jikoni na hakuna aliyekukosea. Nimeshuhudia mtoto wa Kitanzania akilala na njaa wiki nzima ya kwanza katika nyumba yenye chakula tele, kwa sababu alikuwa anakataa kwa adabu na wenyeji wake wakamwamini.

Kuhusu siku ile ya gari, naomba uniambie kama mama alikuambia mkutane "puoli kuusi". Nadhani ndivyo, kwa sababu mtego huo umewanasa karibu wote niliowasimamia. Kuusi ni sita, puoli ni nusu, na sisi masikio yetu husikia sita na nusu. Sivyo. Wafini huhesabu nusu ya kuelekea saa inayokuja: puoli kuusi ni saa tano na nusu kwa saa ya kwao, yaani kwetu saa kumi na moja na nusu jioni. Ukija saa kumi na mbili na nusu umemweka mtu saa nzima kwenye maegesho. Hapo sitakudanganya: alikasirika. Kuchelewa ni jambo ambalo Wafini hulihesabu hasa kama kutojali muda wa mwenzako. Lakini kimya chake garini huenda kilikuwa namna yake ya kutokukufokea. Mweleze kosa lilivyotokea. Mwambie kwetu siku huanza kuhesabiwa asubuhi, kwamba saa moja ya kwetu ni saa saba ya kwao. Atashangaa, na atawaeleza wenzake kazini. Kuanzia hapo mwandikiane saa kwa tarakimu, 17.30, na mambo yameisha.

Sasa sauna.

Nchi hii ina watu kama milioni 5.6 na inakadiriwa kuna sauna zipatazo milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni wa sauna ya Ufini katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Hapo Tampere penyewe, mtaa wa Pispala, kuna sauna ya umma ya Rajaportti iliyojengwa mwaka 1906 ambayo hadi leo inawashwa kwa kuni, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Zamani wanawake wa Kifini walijifungulia sauna, kwa kuwa ndipo mahali pa joto na pasafi kuliko pote nyumbani, na humohumo maiti walioshwa. Wana msemo wa kale kwamba saunani mtu hukaa kama kanisani. Nakutajia haya ili uondoe mawazo mabaya. Uchi wa sauna kwao hauna uhusiano wowote na tamaa. Watu wanavua nguo kama wanavyovua wanapokwenda kuoga, na ndicho wanachofanya.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na hili sikulijua mpaka lilipotokea mbele yangu. Mwaka ule nilipofika nilipangiwa kukaa kijijini kwa mama mmoja mjane wa miaka 62. Alikuwa mkimya kuliko ukuta. Alinionyesha chumba, akanionyesha jiko, akanipa ufunguo, na wiki ya kwanza sidhani kama alisema maneno yasiyohusu chakula na basi la shule. Jumamosi ya nne nilikubali kwenda naye sauna. Nilijifunga kanga mbili, moja kifuani na moja kichwani, nikakaa benchi la chini karibu na mlango nikiwa tayari kukimbia. Taa ilikuwa hafifu. Alichota maji kwa kata ya mbao akayamwagia mawe ya moto mara moja, yakasema tsss, na ule mvuke, wanauita löyly, ukapanda hadi darini ukashuka mabegani mwangu kama shuka la moto. Tukakaa. Akamwaga tena. Halafu, bila kunitazama, akaanza kuzungumza. Alikuwa na miaka kumi mwaka 1944 walipohama Karelia, ile ardhi ya mashariki iliyochukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Zaidi ya watu 400,000 walilazimika kuondoka huko na kwenda kuanza upya sehemu nyingine za Ufini. Alinieleza jinsi alivyotembea nyuma ya ng'ombe wao siku nyingi, na jinsi walivyopangishwa katika nyumba ya watu wasiowajua, walioongea kwa lafudhi nyingine na kuwacheka namna wanavyotamka. Akasema, najua inavyokuwa kukaa kwenye nyumba ya watu. Akamwaga maji mara ya tatu, tukatoka kupoa barazani.

Sikuwahi tena kumwona kama mtu asiyenitaka.

Ndiyo maana nimesema uanzie hapo. Wafini wengi wanaongea saunani mambo ambayo mezani hayatoki. Giza kidogo, watu wamekaa sambamba hawatazamani usoni, hakuna simu, hakuna haraka. Wale mabinti wawili na mama yao wanamaliza wiki yao mle kila Jumamosi, na wewe uko chumbani na kichwa chako kinachouma. Na fahamu hili pia: wao huamini neno kama lilivyosemwa. Kila Jumamosi kichwa kinauma! Sitashangaa nikisikia mama ameshamwuliza mratibu wako kama una maradhi.

Basi mwambie ukweli: kwetu hatuvui nguo mbele ya watu, naona haya, lakini ningependa kuja. Hatakushangaa hata kidogo. Nyumbani kwa watu unaweza kuvaa taulo au nguo ya kuogelea, ila kwenye sauna za mabwawa ya umma nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Mimi nakushauri kanga. Ni pamba tupu, inapitisha hewa, haing'ang'anii mwili kama nailoni. Vua hereni, mkufu na bangili kabla ya kuingia, maana chuma kikishika joto la nyuzi 80 kitakuunguza. Nywele zako kama zimesukwa, zifunge kwa taulo lililolowa maji ya baridi. Oga kwanza, ingia na kitaulo cha kukalia, kaa benchi la chini, na ukisikia joto limezidi toka bila kuomba ruhusa; hakuna mashindano. Kunywa maji. Kama hata kanga haikutoshi, omba zamu yako peke yako baada ya wao, wanaielewa sana habari ya zamu. Mpaka wa sitara yako mbele ya wanawake wenzako kadiri ya dini, muulize mama yako mzazi au mwalimu wako wa madrasa kabla ya Jumamosi. Mimi nimelelewa Tanga katika malezi hayohayo lakini si mwanazuoni. Na ukiamua kwamba hutaingia kabisa, hilo nalo ni jibu halali. Kaa barazani au chumba cha kuvalia na kinywaji chako, uwe nao wanapotoka kupoa. Sehemu hiyo nayo ni sauna.

Kwa wenyeji wasio wa damu, wanawake huingia na wanawake na wanaume na wanaume. Kama wakati wowote mwanamume yeyote, awe baba mwenyeji, mjomba au rafiki, atakutaka muingie pamoja, unakataa na unampigia mratibu wako siku hiyohiyo.

Nikiwa hapo hapo niseme ni lini ningekuambia uhame bila kungoja. Ukinyimwa chakula. Wakishika pasipoti yako. Ukigeuzwa yaya au mfanyakazi wa ndani, kila siku unalea watoto na kupika wakati wenyewe hawapo. Ukiguswa, ukitishwa, ukifungiwa, au ukitukanwa kwa rangi yako ndani ya nyumba na wakubwa wakanyamaza. Hapo hakuna cha utamaduni. Mashirika makubwa ya kubadilishana wanafunzi kama AFS, YFU na Rotary yana mtu wa karibu kwa kila mwanafunzi, na kubadilisha familia ni jambo la kawaida kwao, si aibu wala si kufeli. Familia zenyewe katika mipango hiyo hujitolea bila malipo. Hakuna anayekufuga kwa biashara. Na dharura yoyote, polisi au gari la wagonjwa, namba ni 112. Katika barua yako sikuona hata kimoja cha haya. Niliona friji uliyoambiwa ni yako pia, rafu iliyosafishwa, na mama aliyekusubiri saa nzima badala ya kuondoka.

Kazi za nyumbani je? Hukuniuliza, lakini nina shaka hapo pia unangoja. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko uliko jembe haliletwi, unalichukua. Uliza: ni kazi gani iwe yangu? Kupanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea, kutoa takataka zikiwa zimechambuliwa, kupiga fagio la umeme Jumamosi kabla ya sauna. Siku utakapokuwa na kazi yako utaona wanavyoanza kukusema kama mtu wa humo.

Chakula kitakusaidia pia. Tampere imekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na nadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya Mwanza na Tampere kuelewana. Ni miji rafiki tangu mwaka 1988, jambo ambalo ungeweza kuwasimulia hao wenyeji wako, huenda hawalijui. Katika maziwa hayo kuna samaki wadogo wa fedha wanaoitwa muikku. Wanapakwa unga wa nafaka ya rai, wanakaangwa kwa siagi, wanaliwa wazima. Ukiwaona utawajua. Ni dagaa wako hao, wamenenepa kidogo tu. Mwombe mama mpike siku moja, na upande wako pika ugali. Unga mweupe wa mahindi hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Asia na Afrika mjini Tampere, na ukiukosa, semolina wanayoiita mannaryyni itakusitiri. Onyesha watoto namna ya kumega tonge na kubonyeza kwa kidole gumba. Nimeona ukimya wa meza ya Kifini ukivunjwa na tonge kuliko na kitu kingine chochote.

Shuleni chakula cha mchana ni bure kwa wote, lakini supu ya njegere ya Alhamisi mara nyingi ina nyama ya nguruwe, kwa hiyo waambie jikoni mapema. Maneno ya kukagua kwenye pakiti ni sika (mara nyingi huandikwa sianliha), kinkku, pekoni, veri ambalo ni damu, na liivate ambalo ni jelatini. Na wajulishe nyumbani kuhusu Krismasi kabla haijafika. Tarehe 24 Desemba nyumba nyingi hunukia paja la nguruwe tangu asubuhi, ila mezani huwa kuna samaki pia na vyakula vya kuoka vya karoti na viazi. Hutakosa cha kula.

Giza sasa, na hapa nataka unisikilize kwa makini, maana usingizi uliouelezea unanipa wasiwasi kidogo. Novemba ni mwezi mgumu kwa Wafini wenyewe. Majani yameanguka, theluji bado, ardhi ni nyeusi na mbingu ya kijivu. Mwishoni mwa Desemba huko Tampere jua litachomoza kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Mtoto wa Mwanza amezoea jua linalochomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Mwili wako haujui umefikishwa wapi. Toka nje wakati wa mapumziko ya mchana shuleni, hata kama ni mawingu, dakika ishirini. Mwulize terveydenhoitaja, muuguzi wa shule, kuhusu vidonge vya vitamini D. Ngozi yetu yenye rangi inahitaji jua zaidi kuitengeneza na jua lenyewe halipo. Huduma yake haina malipo. Mwombe baba mwenyeji mtafute taa ya mwanga mkali ya kuwasha asubuhi. Huenda ipo kabatini. Ning'iniza rifrekta, kile kipande kinachoakisi mwanga, kwenye koti, maana gizani madereva hawakuoni ulivyovaa nyeusi. Nguo za baridi usinunue mpya. Kwenye kirpputori, mitumba ya kwao, utapata koti zuri kwa bei ndogo. Theluji ikianguka kila kitu kitang'aa, na tarehe 6 Desemba, siku yao ya uhuru, utaona mishumaa miwili miwili imewashwa madirishani jioni.

Lakini ukiona siku zinapita huna hamu ya kula, unalia bila sababu, au unajiambia afadhali usingekuwepo, usiningoje mimi wala usiingoje Jumamosi. Mwambie mama mwenyeji usiku huohuo, au mratibu, au muuguzi. Usione haya. Kila shule ya kiwango chako ina mwanasaikolojia na mfanyakazi wa ustawi wa wanafunzi, na kazi yao ni hiyo.

Lugha isikutishe. Kifini kitakutii kuliko unavyodhani, kwa sababu nacho huunganisha vipande kama Kiswahili: talo ni nyumba, talossa ni ndani ya nyumba, talossani ni ndani ya nyumba yangu. Tena yeye wa kike na yeye wa kiume ni neno moja, hän, kama kwetu. Ugumu uko kwenye urefu wa sauti. Tuli ni moto, tuuli ni upepo, tulli ni forodha. Vuta pale panapotakiwa kuvutwa, na mkazo uwe mwanzo wa neno, siyo karibu na mwisho kama tulivyozoea. Utapata tabu pia kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu, bila mama wala baba, na walimu vilevile. Jaribu tu kusema hivi: kwangu ni vigumu kukuita kwa jina tupu, je, naweza kukuita äiti? Ni neno lao la mama. Wapo wanaokataa kwa upole, na wapo niliowaona wakigeukia dirishani kupangusa macho.

Sasa namna ya kuzungumza. Usimketishe mtu mezani uso kwa uso kama kikao cha ukoo, atakakamaa. Subiri mkiwa kwenye gari, au mwombe mtembee kidogo jioni. Sema: onko sinulla hetki aikaa, una muda kidogo? Halafu mwambie mambo manne kwa lugha yoyote mnayoelewana. Kwamba kichwa hakikuwa kinauma. Kwamba hukujua maana ya ile karatasi na sasa unaijua, na unashukuru. Kwamba siku ile ulisikia saa vibaya. Na kwamba kwenu mtu hukaribishwa mara nyingi, kwa hiyo unaomba akuite mezani na sebuleni mpaka uzoee. Kisha nyamaza. Atakaa kimya kidogo, pengine kirefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Usikijaze. Anafikiri.

Jumamosi hii, sauna ikishawashwa, chukua kanga yako na umwulize mlangoni: saanko tulla saunaan? Naomba kuja sauna. Uonyeshe na kanga: saanko pitää tämän päällä? Nibaki nimeivaa? Jibu litakuwa joo, labda lile la kuvuta pumzi ndani. Ukae benchi la chini karibu na mlango. Niandikie Jumapili, uniambie na bibi alikuwepo au la, na kama alisema chochote.